Picha Zisizo na Vichwa

Tarehe 9 Februari

Kwa mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Huku mimi ni mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Jirani yetu fundi viatu anakusalimu. Bado anaanza kupiga nyundo alfajiri kana kwamba viatu vitamkimbia. Paka wa mama yako amehamia kwenye kapu langu la vitambaa na amegoma kutoka. Mvua ilinyesha wiki nzima, bati la jikoni likavuja palepale, nami nikaweka sufuria ileile.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Chumba cha mama yako nimekifunga tangu tulipomzika, huu ni mwezi wa nne. Kila Jumamosi nafungua dirisha, nafuta vumbi, nafunga tena. Vitu viko kama alivyoviacha: mashine yake ya kuchapa, kopo la vifungo, lile sweta la bluu lenye viraka vya viwiko nilivyomshonea. Haifai vikae hivyo mpaka viliwe na wadudu. Lakini siwezi kugawa kitu cha mdogo wangu kabla binti yake hajakiona. Nimekuuliza mara tatu utakuja lini, na mara tatu umenijibu habari za hali ya hewa.

Sikulaumu. Nimewaza tu kwamba kama wewe huji kwenye vitu, basi vitu vije kwako. Nataka kununua kamera, hizi za siku hizi zisizo na filamu, nipige kimoja kimoja, nawe uniambie hiki niwekee, hiki mpe fulani. Simu yangu unaijua, ina tochi na redio, na hiyo tochi ni bora kuliko simu yenyewe. Wewe unashinda studio ukipiga watu picha za vitambulisho, basi nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu. Nataka yenye kioo kikubwa cha kutazamia. Kikubwa kadiri inavyowezekana. Na isiwe na mambo mengi. Nina miaka sitini na sita, sina muda wa kusomea kitu.

Ningependa tulimalize hili kabla ya katikati ya mwaka.

Mimi Mama yako Mkubwa

*

Tarehe 2 Machi

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, nami ni mzima, sijui wewe tu. Msalimie fundi viatu, mwambie viatu havina haraka, miguu ndiyo ina haraka. Koti ulilotushonea la kuazima wateja, lile lililopasuliwa mgongoni ili limwenee kila mtu, bado linafanya kazi. Juzi ndani ya saa moja lilivaliwa na baba mmoja mnene na mwalimu mwembamba kama ufagio, na wote wawili wakatoka kwenye picha wakiwa mameneja. Tai tumenunua mpya. Ile ya zamani ilikuwa imepigwa picha nyingi kuliko waziri.

Kuhusu kamera. Muuzaji atakutajia namba kwanza. Atasema hii ina megapikseli ishirini, ile kumi na mbili, kwa hiyo hii ni bora. Usimsikilize. Hiyo ni sawa na kumchagua fundi cherehani kwa kuhesabu nyuzi zake. Nyuzi nyingi hazishoni. Ulizia lenzi. Kukuza kwa lenzi yenyewe ni kukuza kwa kweli. Kukuza kwa kile wanachoita dijitali ni kama kuvuta kitambaa cha mpira, kinaongezeka lakini nyuzi zinaachana. Usichukue zile kubwa za kubadilisha lenzi, ni nzito na zinapenda vumbi. Ndogo ya kutia mfukoni, betri ya kuchaji, hata ikiwa imetumika, inakutosha.

Dukani usinunue kabla hujaijaribu. Ishike kwa mikono miwili, viwiko viguse mbavu. Kitufe kinabonyezwa mara mbili: kwanza nusu, usubiri kisanduku cha kijani kwenye kioo, ndipo umalizie. Na utoe pumzi kwanza, kama unavyofanya ukitia uzi kwenye sindano. Chumbani usiwashe taa ya kamera. Fungua dirisha na uache mwanga uje kwa ubavu.

Kuhusu kuja, mwezi huu ni wa watahiniwa, shule zote zinataka picha. Tutaona.

Huku joto limezidi.

Chiriku

*

Tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Mimi ni mzima kabisa, hofu ni kwako na hilo joto lako. Samahani nimechelewa, kuna magauni ya harusi yamenikalia shingoni.

Kamera nimenunua. Muuzaji ni mama mmoja mwenye sauti ya mnadani.

"Mama, chukua hii. Megapikseli ishirini."

"Nyuzi nyingi hazishoni," nikamjibu.

Akanitazama. "Unataka ya kupigia nini?"

"Vitu vya marehemu mdogo wangu."

Basi akaacha kuuza, akaniletea kiti. Tulikaa karibu saa nzima, akanitolea moja baada ya nyingine. Niliyochukua ni ya kijivu, imetumika, pembeni ina mkwaruzo, lakini kioo chake ni kikubwa kuliko zote. Ameniuzia pamoja na mkoba ambao mshono wake si mzuri. Nimeufumua na kuushona upya.

Nimeingia chumbani na kukaa humo siku mbili. Nilitoa pumzi kila mara kama ulivyosema. Kumbe kamera inamlazimisha mtu kukitazama kitu. Nimefuta vumbi kwenye ile mashine ya kuchapa miezi yote hii, ila nilipoiweka kwenye kioo ndipo nikaona herufi A imefutika kabisa kwa kidole chake. Nilikaa kitandani kidogo. Kisha nikaendelea.

Kadi ni ndogo kama ukucha, nimeogopa ipotee njiani. Nimeishonea kifuko na kukibana kwenye kadibodi. Fumua uzi mwekundu, usikate kitambaa. Nimempiga picha fundi viatu pia, amenisumbua sana, na paka.

Mama yako Mkubwa

*

Tarehe 3 Mei

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na poleni na mvua. Mimi ni mzima. Nimefumua uzi mwekundu kwa pini, kitambaa kiko salama. Niliwaza niufumue taratibu kwa kuwa ni mkono wako, halafu nikaona naongeza tu muda wa kutotazama.

Picha ni safi, mkono wako hautikisiki. Mwanga wa ubavu umeukamata kama mtu wa kazi. Lakini Mama Mkubwa, vichwa viko wapi? Fundi viatu anaanzia mabegani, nyundo ipo, yeye hayupo. Paka hana masikio. Kabati limekatwa juu, sweta halina shingo, hata chupa ya mafuta haina kifuniko. Bosi wangu alipoziona alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ni fundi nguo?" akauliza.

"Ndiye."

"Basi. Kwake binadamu anaanzia kwenye kola."

Nami nikacheka, mara ya kwanza kwa siku nyingi. Dawa yake ni ndogo. Kwenye kioo kuna mistari ya kuongoza, bonyeza kitufe cha chini itokee. Macho ya mtu yaweke kwenye mstari wa juu, kisha acha vidole vinne vya nafasi juu ya nywele. Rudia vya chumbani hivyohivyo.

Kopo la vifungo niwekee. Mashine ya kuchapa mpe yule jirani anayefundisha watoto wake kuandika, ila mwambie kuhusu herufi A. Sweta usimpe mtu. Wala usinitumie. Liache kwanza.

Nikipata nafasi nitakuja. Wewe hujambo?

Chiriku

*

Tarehe 20 Juni

Mwanangu Chiriku,

Huku mimi ni mzima, hofu ni kwako. Bosi wako amenijua bila kuniona. Miaka arobaini mtu akiingia kwangu namtazama kuanzia shingoni kwenda chini. Kuna wateja nikikutana nao sokoni siwajui mpaka wageuke nione mabega. Mama yako alikuwa akisema siku ya kiyama nitawatambua watu kwa vipimo. Basi ndiyo hivyo, ufundi umenizoesha vibaya.

Nimerudia zote na mistari yako. Nimejitahidi na vichwa. Kadi ya pili iko kwenye kifuko cha kijani, uzi ni mweupe.

Magauni ya harusi nimemwachia fundi wa barabara ya pili ayamalize. Si kitu, nimechoka tu, nikaona nipunguze. Fundi viatu ameniwekea kitambaa chekundu kwenye dirisha la jikoni, lile linalofunguka nje, anasema ni pambo.

Nilipoiondoa mashine ya kuchapa kumpelekea jirani nimekuta nyuma yake mfuko wa maganda ya mkate yaliyokauka. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akigombea ganda la mwisho na wewe? Kumbe alikuwa akiweka akiba.

Usile chakula kikiwa baridi.

Mama yako Mkubwa

*

Tarehe 8 Julai

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Leo sitaeleza habari za hali ya hewa.

Nimezitazama picha za kadi ya pili mara tatu. Vichwa bado havipo. Na zile ulizojitahidi, umeinua kamera mpaka imepiga dari na nywele tu. Nilitaka kucheka tena. Halafu nikafika picha ya thelathini na moja.

Ulitaka kupiga kabati la mama, lile lenye kioo mlangoni. Wewe mwenyewe umetokea ndani ya kioo, mzima kuanzia utosini mpaka kwenye ndara. Kwa sekunde moja nilidhani ni mama. Niliondoka mezani, nikaenda kupanga upya tai na koti ambavyo vilikuwa vimepangwa. Niliporudi nikakutazama wewe.

Una plasta kwenye paji la uso. Juu ya nyusi ya kulia kuna kovu ambalo silijui. Na kidevu chako umekiinua juu sana. Kazi yangu ni kuwaambia watu washushe kidevu, nasema hivyo mara hamsini kwa siku. Mtu huinua kidevu kwa kiburi, au kwa kutafuta kitu cha juu asichokiona. Wewe kiburi huna.

Kitambaa chekundu cha dirishani si pambo, Mama Mkubwa. Fundi viatu amekiweka ili usiligonge tena.

Fanya hivi. Kaa kitini, tazama mbele, funika jicho moja. Inua mkono juu ya kichwa chako kisha uushushe taratibu mbele ya uso. Uniambie unaanza kuuona ukifika wapi. Kisha jicho la pili. Usinijibu kwamba wewe ni mzima.

Nami nikwambie langu, kwa kuwa limenikaa kooni miezi tisa. Barua ya mwisho ya mama ilisema: mimi ni mzima, hofu ni kwako. Niliipokea siku mbili baada ya kumzika. Alikuwa mgonjwa tangu mwezi wa saba, na wewe ulikuwa umekaa kando ya kitanda chake. Kila barua mlisema wazima. Ndiyo sababu siji. Naogopa kuingia kwenye kile chumba na kuona kila kitu mlichokuwa mkikiona mimi nikisoma kwamba hamjambo.

Usinifanyie mara ya pili.

Chiriku

*

Tarehe 5 Agosti

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Barua yangu ya mwezi uliopita haijajibiwa. Nimekupigia simu mara nne, kila mara unasema mtandao mbaya huku nakusikia vizuri kabisa, mpaka na nyundo.

Kama nilikukosea heshima, nisamehe. Lakini mkono inua.

Chiriku

*

Tarehe 27 Agosti

Mwanangu,

Sitaanza na ule mwanzo wangu.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya cherehani wiki tatu. Hukunikosea heshima. Nilikuwa nimekasirika kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Ilipofika ile ya pili, fupi, nikakaa kitini nikainua mkono. Kwa jicho la kulia niliuona ulipofika puani. La kushoto, kwenye nyusi.

Nilimwita fundi viatu, nikamwambia nipeleke. Akavua aproni palepale, hakuuliza wapi. Kumbe alikuwa akingoja.

Pale hospitali ya macho waliniweka kidevu kwenye kitu kama bakuli kubwa jeupe, wakanipa kitufe. Nikiona nukta ya mwanga nibonyeze. Nilitoa pumzi kwanza, kama ulivyonifundisha. Nilibonyeza sana kwa nukta za chini. Baadaye daktari akanionyesha karatasi, sehemu ya juu ilikuwa nyeusi kama pazia lililoshushwa nusu. Ni presha ya macho. Iliyokwenda haitarudi, amesema wazi, na nimeshukuru kwa kusema wazi. Nikitia matone kila siku bila kuruka, iliyobaki inaweza kukaa. Akaniuliza nimejuaje nije. Nikamwambia, mwanangu anapiga picha za vitambulisho. Hakunielewa.

Nilianza kuona pazia tangu mama yako akiwa kitandani. Sikusema, maana mgonjwa alikuwa mmoja na alitosha. Nilitaka kamera kwa sababu hiyo. Nilitaka vitu vyake uvione wakati mimi mwenyewe bado naviona.

Sasa la mama yako. Ulikuwa ndiyo kwanza umepata kazi. Alisema, "Akijua atarudi, na akirudi nafasi ataipata mwingine. Ngoja nipate nafuu kwanza." Nilikubali kwa kuwa nami niliamini nafuu inakuja. Barua ile ya mwisho aliiandika mwenyewe, akipumzika kila baada ya mstari. Mimi nilimshikia ubao. Nilimwona akiandika kwamba ni mzima na sikusema neno. Yeye alikuwa mgonjwa, ana udhuru. Mimi nilikuwa na miguu, na posta iko hapo kona. Hilo ni kosa langu, mwanangu, na sina cha kulifunikia.

Nimefungua mlango wa chumba. Paka ameingia.

Mama yako Mkubwa

*

Tarehe 10 Septemba

Mama Mkubwa,

Shikamoo.

Mimi si mzima. Silali vizuri na sweta lile naliogopa. Lakini nimeomba likizo ya wiki mbili na bosi amenipa, amesema nikuletee salamu za kola.

Nafika tarehe 21. Usisimame barabarani kunisubiri, kaa ndani. Nikifika usinionee haya na mimi nisikuonee haya. Chumba kiache wazi hivyohivyo.

Matone yatie saa ileile kila siku.

Chiriku

*

Tarehe 2 Novemba

Mwanangu Chiriku,

Salamu nyingi. Huku naendelea hivi: jicho la kulia ni lilelile, la kushoto daktari amelisifu. Matone natia asubuhi na jioni. Yanachoma, yananitoa machozi, na wateja wakiniuliza nasema nakulilia wewe, ambayo siku nyingine ni kweli. Goti linauma kukiwa na baridi. Jana sikupata usingizi mpaka karibu na nyundo za jirani. Hizo ndizo habari zote, sijabakiza.

Nawe nieleze zako hivyohivyo, hata kama ni ndefu.

Chumba kimekuwa na nafasi tangu uondoke. Mwenye mashine ya kuchapa ameibandika herufi A kwa karatasi, watoto wake wanaipigania. Nimehamishia cherehani yangu humo, karibu na dirisha, maana mwanga wa ubavu umenifaa hata kwa kushona. Nashona mapindo tu sasa, na vifungo. Nikiinua kidevu naona pazia lote mpaka kwenye vyuma vyake.

Nakutumia picha moja. Nimeichapisha dukani kwa yule mama wa mnadani, nakala mbili, yako hiyo na yangu iko ukutani, chini, ninapoiona bila kujisumbua. Ni ile ya siku ya mwisho, umekaa kwenye kizingiti cha chumba. Uliniambia, "Mama Mkubwa, inua kidevu. Zaidi. Bado." Nikakwambia kuwa wewe unawaambia watu wote washushe. Ukasema, "Wewe si watu wote." Hapo ndipo nilipobonyeza.

Jicho moja umefumba na mdomo uko wazi, kwa sababu ulikuwa hujamaliza kuongea. Sweta limekupwaya mabegani, ukija tena nitalipunguza, vipimo ninavyo. Kichwa kipo. Nimekihesabu chote, macho, masikio, mpaka nywele zile zilizosimama, na juu yake nimeweka kidole kimoja baada ya kingine.

Ni vidole vinne kamili.

Mama yako Mkubwa